Je, Wajua? Pai ya Kastadi Huanzia Zizini

Wengi wetu Tarime na Mugumu tukisikia pai ya kastadi iliyopambwa kwa matunda, mawazo hukimbilia hoteli za Hifadhi ya Serengeti na wapishi waliovaa kofia ndefu. Lakini ichambue pai yenyewe: maziwa, mayai, siagi, unga, sukari na matunda ya msimu. Karibu vyote vimo katika boma la Mkurya, la Mngoreme au la Mwikoma, na kinachopungua kipo dukani Sirari au Mugumu. Soma dondoo hizi, kisha uwashe jiko.

MAZIWA

1. Je, wajua kuwa maziwa ya ng'ombe wetu wa asili yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa? Maziwa ya zebu kwa kawaida yana mafuta ya asilimia 4.5 hadi 5 hivi, wakati ya Friesian yana asilimia 3.5 hivi. Ng'ombe wa asili hutoa kidogo, lakini kidogo chake ni kizito, na maziwa mazito ndiyo yanayofanya kastadi iwe laini mdomoni.

2. Je, wajua kuwa kilo moja ya siagi hutokana na lita 20 hivi za maziwa? Pai moja ya familia inahitaji gramu 100 tu za siagi, yaani mafuta ya lita 2. Mama mwenye ng'ombe anayekamuliwa anaweza kukusanya mafuta hayo kwa kuengua maziwa ya siku chache.

3. Maziwa yaliyoanza kuchacha hukatika yakipata moto. Asidi ikizidi, protini za maziwa hushikana mabonge na maji hujitenga. Kabla ya kuvunja mayai, chemsha vijiko viwili vya maziwa yako pembeni. Yakikatika, yaache yawe mtindi na utafute mengine.

4. Je, wajua kuwa dang'a huganda kama kastadi bila yai hata moja? Maziwa hayo ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa yamejaa protini za kinga, na protini hizo hukaza zikipashwa moto. India hutengeneza kitindamlo kiitwacho kharvas kwa njia hiyo. Lakini ndama ndiye mwenye haki ya kwanza: saa zake za mwanzo duniani, dang'a ndiyo kinga yake. Binadamu achukue kinachobaki.

5. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa unaoleta homa za mara kwa mara na maumivu ya viungo. Kuchemsha huviua. Kastadi iliyopikwa hadi ikatokota ni njia salama na tamu ya kumpa mtoto maziwa.

MAYAI

6. Je, wajua kuwa rangi ya kiini hutoka kwenye chakula cha kuku? Kuku wa kienyeji anayezunguka na kula majani hupata rangi asilia za mimea, na kiini chake huwa cha manjano iliyokolea. Anayelishwa pumba na mahindi meupe peke yake hutoa kiini kilichopauka. Kwa mayai ya kienyeji, kastadi yako haihitaji rangi ya dukani.

7. Yai la kienyeji ni dogo. Kanuni ya kitabu ikitaja mayai 3, inamaanisha mayai makubwa ya kisasa. Weka 4 ya kienyeji.

8. Yai jipya huzama na kulala chini ya maji. La siku nyingi husimama wima au huelea, kwa sababu unyevu umetoka kupitia vitundu vya gamba na hewa imechukua nafasi yake. Linaloelea usilitie kwenye kastadi.

9. Je, wajua kuwa sukari na maziwa hulichelewesha yai kuganda? Kiini peke yake huanza kukaza kwenye nyuzijoto 65 hivi. Kikishachanganywa na maziwa na sukari, hungoja hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana huwezi kumwaga maziwa ya moto juu ya viini kwa mkupuo. Mimina kidogo kidogo huku ukikoroga, viini vizoee joto, la sivyo utapata mayai ya kukaanga ndani ya maziwa matamu.

KASTADI

10. Kuna kastadi za aina mbili, na sheria zake zinapingana. Ya kwanza ina mayai na maziwa tu: huokwa kwa moto mdogo na haipaswi kupita nyuzi 85, kwani hukatika. Ya pili huongezewa wanga: hupikwa kwenye sufuria na ni lazima itokote.

11. Je, wajua kwa nini ya pili lazima itokote? Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokatakata wanga. Ukiepua mapema, kastadi itaonekana nzito jioni, na asubuhi utaikuta majimaji. Endelea kukoroga dakika moja au mbili baada ya kuona mapovu mazito, na kimeng'enya hicho kitakuwa kimekufa.

12. Uso wa Ziwa Victoria upo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna kijiji cha Mara kilicho chini ya hapo. Maji ufukweni Musoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukipanda nyanda za Tarime hadi mita 1,500, huchemka kwenye nyuzi 95. Joto hilo linatosha kabisa kuivisha wanga na yai.

13. Je, wajua kuwa unga wa kastadi wa kopo hauna yai? Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, Uingereza, aliutengeneza mwaka 1837 kwa sababu mke wake alidhurika akila mayai. Kilichomo ni wanga wa mahindi, rangi na harufu ya vanila. Ukiwa na konflawa na mayai ya nyumbani, kopo hilo si la lazima.

14. Unga wa sembe si konflawa. Sembe ina protini na chembe ngumu za punje, na kastadi yake hukwaruza ulimi. Konflawa ni wanga mtupu uliotenganishwa na punje.

15. Je, wajua kuwa wanga wa muhogo hung'aa ukiiva? Wanga wa mahindi hubaki na ukungu, wa muhogo huwa kama kioo. Sisi tunaochanganya muhogo na mtama kwenye ugali tuna kirembo cha pai karibu: kijiko kimoja cha wanga wa muhogo katika kikombe cha maji ya matunda, pika hadi kiwe wazi, paka juu ya matunda. Hung'aa na hayakauki upesi.

16. Utando juu ya kastadi hutokana na maji kukauka usoni na protini kushikana. Laza karatasi safi ya nailoni igusane na kastadi yenyewe wakati inapoa, na utando hautatokea.

17. Je, wajua kuwa vanila hulimwa ng'ambo ya ziwa letu, mkoani Kagera, chini ya migomba na mibuni? Ua lake nje ya Amerika huhitaji mkono wa mtu ili lichavushwe. Njia ya haraka ya kufanya hivyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Kila tunda la vanila linalotokana na mkono wa mkulima hadi leo lina deni kwa mtoto huyo.

18. Huna vanila? Iliki kutoka Usambara au kungumanga ya Zanzibar hufanya kazi hiyo kwa heshima zote. Waingereza wenyewe hukwangua kungumanga juu ya pai zao za kastadi.

GANDA

19. Je, wajua kuwa sifa inayofanya chapati ivutike ndiyo inayoharibu pai? Unga wa ngano ukikutana na maji na mikono, hujenga nyuzi za gluteni. Chapati inazitaka, pai haizitaki. Kwa hiyo sugua siagi kwenye unga kwanza hadi uwe kama chenga za mkate, ndipo unyunyize maji vijiko viwili vitatu. Usikande. Kusanya tu.

20. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi. Mchana wa jua Mugumu inaweza kulegea mezani kabla hujaigusa. Tengeneza ganda alfajiri, kwa maji ya mtungini, na utumie ncha za vidole kwa sababu kiganja kina joto zaidi.

21. Siagi ina maji ya asilimia 16 hivi, samli haina karibu kabisa. Ukitumia samli ya nyumbani, punguza kipimo kidogo na uongeze kijiko cha maji. Ganda litakuwa la kumeng'enyeka na lenye harufu ambayo hakuna siagi ya dukani inayoifikia.

22. Je, wajua kuwa ulezi ni mzaliwa wa kwetu? Ulianza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita. Hauna gluteni, na gramu 100 zake zina kalsiamu ya miligramu 340 hivi, karibu mara tatu ya maziwa kwa uzito huo huo. Badili robo ya unga wa ngano kwa ulezi: ganda hupata rangi ya kahawia, hukatika kwa mlio na hunukia kama uji wa bibi.

23. Donge likishakusanyika, lifunike na ulipumzishe nusu saa. Unyevu husambaa, nyuzi hulegea, na ganda halijikunji likiwa motoni.

24. Ganda la pai hii huokwa tupu kwanza. Ili lisivimbe, tandika karatasi juu yake na ujaze maharage makavu kama uzito. Maharage hayo hayafai tena kupikwa, lakini yatafanya kazi hiyo mwaka mzima.

25. Ganda likishaiva, lipake ute wa yai na ulirudishe motoni dakika mbili. Ute hukauka kuwa ukuta mwembamba, na kastadi hailowanishi ganda.

JIKO

26. Je, wajua kuwa oveni si lazima? Njia ya bibi zetu inatosha: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani ya kuokea juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu na chini. Mchanga husambaza joto na kuzuia ganda lisiungue kitako.

27. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Joto hupanda lenyewe, kwa hiyo moto wa chini una msaada na wa juu hauna. Wengi huweka mengi chini, na hapo ndipo ganda huungua kabla uso haujabadilika rangi.

28. Pai ya kastadi ya kupika sufuriani huokwa ganda tu, dakika 25 hivi. Kastadi hupikwa jiko hilo hilo kwa dakika 10. Mkaa unaobaki bado utachemsha chai.

MATUNDA

29. Je, wajua kuwa kwa wataalamu wa mimea stroberi si beri, lakini ndizi ni beri? Beri halisi hutokana na ovari moja ya ua na hubeba mbegu ndani ya nyama yake. Ndizi, zabibu, pera, pasheni na hata nyanya zimo. Stroberi hubeba vijitunda vyake vidogo kwa nje, na nyama tunayokula ni kikalio cha ua kilichovimba. Ukipanga ndizi za Tarime juu ya kastadi, umeweka beri halisi.

30. Stroberi ya leo ni chotara wa bara la Amerika aliyezaliwa Ufaransa. Mwaka 1714 Amédée-François Frézier alirudi Ufaransa na miche yenye matunda makubwa kutoka Chile. Ilipopandwa karibu na stroberi za Amerika Kaskazini, zikachanganyika, na mtoto wao ndiye anayelimwa duniani kote.

31. Je, wajua kuwa mji wa Lushoto, sifa yake stroberi, upo mita 1,400 hivi juu ya bahari? Nyanda za Tarime ziko juu kama hapo au zaidi. Stroberi hupenda usiku wa baridi na udongo usiotuamisha maji. Mwenye kisima na robo ekari Tarime ana sababu ya kujaribu, kwani hoteli za Serengeti hupokea mboga na matunda yaliyosafiri umbali mrefu barabarani.

32. Stroberi iliyopinda ni stroberi iliyokosa nyuki. Kila kijitunda cha nje lazima kichavushwe, na ule upande uliorukwa haukui. Nyuki wana faida nyingine kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi: tembo huwaogopa. Wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, huzungushia mashamba yao uzio wa mizinga.

33. Stroberi haiongezi utamu ikishachumwa. Ndizi na pera huendelea kuiva nyumbani. Basi stroberi nunua nyekundu hadi kwenye kikonyo.

34. Forosadi ndilo tunda dogo rahisi kuliko yote kupanda. Chomeka kijiti cha mforosadi ardhini mvua zinapoanza, na katika mwaka mmoja au miwili watoto watakuwa na midomo myeusi. Tunda lake ni laini mno na halivumilii safari, kwa hiyo haliwezi kukufikia zuri kutoka mbali. Mwenye mti ndiye mwenye pai.

35. Je, wajua lile tunda dogo la njano linalojificha ndani ya gamba kama karatasi, linalojiotea mashambani na watoto hulipigania? Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na Ulaya huuzwa kwa bei kubwa kama pambo la keki. Chuma lililokauka gamba na kuwa la rangi ya chungwa. Likiwa kijani lina sumu.

36. Pera lina vitamini C mara nne hivi ya chungwa kwa uzito ule ule. Joto huiharibu vitamini hiyo, na hii ndiyo sababu matunda hupangwa juu ya kastadi iliyokwisha kupoa, yakiwa hayajapikwa.

37. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Ukiliweka juu ya kastadi, hulainika vibaya na kuwa chungu. Lichemshe kwanza dakika tano. Papai vivyo hivyo.

38. Rangi ya zambarau na forosadi hubadilika kwa asidi. Matone ya ndimu huifanya nyekundu ing'aayo, magadi huifanya buluu iliyofifia. Weka magadi mbali na matunda yako.

HISTORIA KWA UFUPI

39. Pai za kastadi ziliandaliwa kwenye karamu ya kutawazwa kwa Mfalme Henry IV wa Uingereza mwaka 1399, karibu miaka 100 kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa.

40. Je, wajua kuwa pai ya kastadi iliyo maarufu kuliko zote ilitoka kwa watawa? Watawa wa Jerónimos, mjini Lisbon, walizioka kwa viini vya mayai. Nyumba za watawa za Ureno zilipofungwa mwaka 1834, kanuni yao iliuzwa, na duka la jirani likaanza kuzioka mwaka 1837, mwaka ule ule wa unga wa Alfred Bird.

41. Mahindi, muhogo, vanila, pera, pasheni na nanasi vyote vimetoka Amerika. Ulezi ni wa kwetu. Pai moja hukutanisha mabara.

KANUNI YENYEWE

Ganda: unga gramu 200, siagi gramu 100, sukari vijiko 2, chumvi kidogo, kiini 1, maji baridi vijiko 2 au 3. Kusanya, pumzisha nusu saa, sukuma, tandaza kwenye sahani ya kuokea. Oka na maharage dakika 15, yaondoe, oka tena dakika 10 hadi ganda liwe la dhahabu.

Kastadi: maziwa nusu lita, viini 4, sukari gramu 80, konflawa vijiko 3 vikubwa, vanila au iliki. Piga viini, sukari na konflawa. Chemsha maziwa, yamimine taratibu juu ya viini, rudisha vyote jikoni na ukoroge bila kuacha hadi itokote kwa dakika moja au mbili. Ipoze, ijaze kwenye ganda, panga matunda yaliyooshwa na kukaushwa. Ute uliobaki ukaange kwa kifungua kinywa.

KABLA HUJAUZA

42. Kastadi ni chakula cha vijidudu pia. Isikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji, imalize ndani ya siku mbili.

43. Je, wajua kuwa tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS? Anayetaka kuuza pai zake madukani au hotelini aanzie huko, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, hufundisha wajasiriamali usindikaji wa vyakula.

Ndugu msomaji, eneo lenye ng'ombe, kuku, ndizi, ulezi na baridi ya milimani halina sababu ya kuitazama pai hii kama chakula cha wageni. Jumamosi hii kamua, oka, wape watoto. Na mvua zikianza, panda mforosadi mmoja karibu na jiko lako.